Riwaya za wahusika wa pembeni: nani kapewa kitabu kizima, na nani kapewa jalada tu?

Fundi wa Ngara

Hamjambo wadau. Mimi ni fundi wa nguo, kibanda changu kiko Ngara, na Star Trek, ile mifululizo ya televisheni ya safari za angani, ndiyo inayonisindikiza kazini. Mpwa wangu hunijazia fleshi, naegemeza simu kwenye kopo la vifungo, cherehani inakimbia nami nafuatilia. Kwa kuwa macho yako kwenye mshono, nasikia kuliko ninavyotazama. Labda ndiyo sababu manahodha hawanishiki sana. Nahodha anaongea kila wakati. Mimi huwangoja wale wanaopewa maneno mawili matatu tu, ambao ukiwasikia unajua wana mengi hawajaulizwa.

Wa kwanza kwangu ni Garak wa Deep Space Nine. Kwa asiyemjua: ni Mkardasia aliyefukuzwa kwao, anaishi peke yake kwenye kituo cha angani, katikati ya watu ambao taifa lake liliwakalia na kuwatesa, na anajitafutia riziki kwa kushona nguo. Kila mtu anashuku kwamba alikuwa jasusi, naye kila akiulizwa anatoa jibu tofauti. Mfululizo ulikwenda misimu 7, kuanzia 1993 hadi 1999, na muda wote huo mwigizaji wake hakuwahi kuwekwa kwenye orodha ya wakuu.

Kuna sehemu ya 1995 inaitwa Improbable Cause. Duka lake linalipuka. Baadaye inajulikana ni yeye mwenyewe aliyelilipua, ili mkuu wa usalama wa kituo aanze kuchunguza nani anataka kumuua. Nilisimamisha cherehani. Fundi kulipua duka lake! Mle ndani mna vitambaa vya wateja, mna nguo zimeshakatwa zinangoja bitana, mna ya mtu anayeitaka Ijumaa. Hakuna hata mmoja kituoni aliyemuuliza nguo za watu zilikwendaje. Mimi ningesoma kitabu kizima kuhusu juma lililofuata.

Ndiyo sasa naja kwenu. Najua zimeandikwa riwaya nyingi kutokana na mifululizo hii, na baadhi zinamchukua mhusika wa pembeni na kumweka katikati. Moja nimeisoma, Uhura's Song ya Janet Kagan, ya 1985. Niliipata mjini kwa wale wauzaji wa vitabu vya kuinama, iko katikati ya vitabu vya uhasibu na Biblia, jalada limepauka upande mmoja kwa jua.

Kisa chenyewe ni hiki. Kuna sayari ya watu wanaofanana na paka, na wanaangamia kwa maradhi yasiyo na dawa, ambayo yameanza kuwashika hata binadamu. Zamani Uhura alikuwa na rafiki wa huko, mwimbaji aitwaye Sunfall. Walifundishana nyimbo, na miongoni mwazo zilikuwamo za kale ambazo watu wa sayari ile hawaziimbi hadharani. Ndani ya nyimbo hizo ndimo mlimo habari za sayari walikotoka mababu zao, ambako huenda tiba ikapatikana.

Hapo mwandishi alinipata. Kwenye televisheni, katika Star Trek ya kwanza, Uhura ni afisa wa mawasiliano, na mara nyingi kazi yake ni kushika kile kidude cha sikioni na kumwambia Nahodha Kirk kwamba njia iko wazi, aongee. Kitabuni ni kazi ileile, kusikia na kukumbuka alichosikia, lakini sasa ndiyo inayookoa watu. Kirk hana wimbo ule. Spock, na akili yake yote, hana.

Halafu wakishafika sayari ya pili, anainuka daktari mgeni, Evan Wilson, ambaye hatujamwona popote kwenye televisheni. Anajua kila kitu, anachekesha, kila mtu anampenda, na kurasa zinamfuata yeye. Uhura anarudi nyuma katika kitabu chenye jina lake mwenyewe. Iliniuma. Miaka yote amekaa nyuma ya kiti cha nahodha, leo amepewa kitabu, na bado anampisha mtu.

Kwa hiyo nauliza. Je, Garak anacho kitabu? Na ni zipi zinazompa mhusika wa pembeni kitabu chake kweli? Kipimo changu ni kimoja: kazi anayoifanya kila siku ndiyo iwe ufunguo wa hadithi. Kama unaweza kumtoa ukamweka nahodha mahali pake na mambo yakaenda vilevile, basi huyo kapewa jalada tu. Swali la pili: nikishasoma, halafu kipindi kipya kije kiseme mengine, nishike lipi?

Mwalimu wa Kayole

Fundi, salamu sana. Kitabu kipo, na aliyekiandika ni yuleyule uliyemsikia akiongea. A Stitch in Time, cha 2000, kimeandikwa na Andrew J. Robinson, mwigizaji wa Garak. Alianza kwa kuandika shajara ya mhusika ili amjue vizuri zaidi, akawa anasoma vipande kwenye mikutano ya mashabiki, mwishowe ikawa riwaya.

Yote ni barua ndefu kwa Daktari Bashir, yule waliyekuwa wakila naye chakula cha mchana kituoni. Garak anaiandika akiwa amerudi kwao baada ya vita, na mji wake ni kifusi. Anakaa kwenye kibanda cha uani, nyumba kubwa aliyokulia imeanguka. Mchana wanafukua maiti. Kutokana na mawe ya nyumba ile anaanza kupanga kitu kama ukumbusho, bila kumwambia mtu, na majirani wanaanza kuja kusimama pale kuwalilia watu wao. Nimefundisha fasihi muda mrefu na bado nikifika kurasa hizo nafunga kitabu kwanza.

Katikati ya hayo anarudi utotoni. Anapelekwa shule ya bweni iitwayo Bamarren, na jambo la kwanza wanalomfanyia ni kumnyang'anya jina. Anaitwa Kumi Lubak, yaani mtu wa kumi katika kundi la Lubak. Wanafunzi wangu waliowahi kuitwa kwa namba ya usajili mbele ya gwaride la asubuhi wameelewa sura hiyo haraka kuliko mhakiki yeyote.

Sasa kuhusu ushonaji, usikiendee kitabu hiki kwa ajili ya mkasi na futi kamba. Kinachotawala ni bustani. Mtu aliyemlea Garak kama baba, Tolan, ni mtunza bustani, na okidi anazozitunza zinarudi mara kwa mara hadi mwisho. Baba halisi ni mwingine, na kama umeuona msimu wa 5 unamjua ni nani. Kama hujafika huko, sisemi.

Kwa kipimo chako, kinapita? Nadhani kinapita kwa njia usiyoitarajia. Kazi ya Garak, chini ya kushona na chini ya ujasusi, ni kusimulia. Mtu aliyedanganya maisha yake yote amekaa chini, mara hii anamwandikia rafiki mmoja ukweli. Huwezi kumweka Sisko, kamanda wa kituo, pale. Huwezi kumweka mtu yeyote.

Kijana wa Rongai

Naongeza mbili haraka, niko kwenye matatu.

The Kobayashi Maru ya Julia Ecklar, 1989. Wamekwama kwenye chombo kidogo angani, hawana la kufanya, basi kila mmoja anasimulia jinsi alivyoukabili ule mtihani wa chuoni usio na ushindi. Wote tunajua alichofanya Kirk. Ila hapa maafisa wake Sulu, Chekov na Scotty nao wana zamu zao, na ya Scotty ni ya kiinjinia kabisa, kazi tupu. Fundi utaipenda.

Ya pili ni ya Star Wars: vitabu vya X-Wing vya Michael Stackpole, cha kwanza ni Rogue Squadron cha 1996. Wedge Antilles kwenye filamu zile tatu za mwanzo ni rubani anayeonekana dakika chache, anaishi, anaondoka. Hapa yeye ndiye kiongozi wa kikosi. Hakuna Luke, shujaa wa filamu zile, wa kuja kuokoa jahazi. Marubani wanafunzwa, wanakosana, wanakufa, na Wedge ndiye anayebaki na majina yao.

Mtaita wa South B

Nawasalimu. Naona mko Star Trek na Star Wars, nami naleta ya nyumbani.

Mimi ni mzaliwa wa Voi. Mwaka 2007 ulipotoka mchezo wa video wa Halo 3, tulikuwa vijana tumejazana kwenye chumba cha michezo mjini hapa, wa kwanza kulipa ndiye anashika kidhibiti, na ghafla kwenye skrini tunaendesha gari barabara ya Tsavo kuelekea Voi, karne ya 26, wageni wa angani wamejaa. Nilipiga kelele mpaka mwenye chumba akanitisha kunitoa. Na Mombasa Mpya ilikuwapo tayari kwenye Halo 2 ya 2004, ikarudi kwenye ODST ya 2009.

Kwenye michezo hiyo shujaa ni mmoja, yule askari mwenye deraya ya kijani asiyevua kofia. Kando yake yuko Sajini Avery Johnson, mtu mweusi, sigara kubwa mdomoni, anapiga kelele na kutoa mzaha. Basi. Halafu mwaka uleule wa 2007 Joseph Staten, ambaye alikuwa mmoja wa waandishi wa hadithi ya michezo hiyo, akamwandikia Johnson riwaya: Contact Harvest. Harvest ni sayari ya wakulima, mbali na kila kitu. Johnson anapelekwa kuwafunza vijana wa kule kuwa wanamgambo, watu ambao hawajawahi kushika bunduki, na ndipo wageni wanapotokea kwa mara ya kwanza. Shujaa wa kijani hayumo. Kwa kipimo cha Fundi, kinapita: kazi ya sajini ni kumfanya mtu wa kawaida asimame asikimbie, na hicho ndicho kitabu kizima kinachokihitaji.

Lakini kilichonishika zaidi si Johnson. Kwenye mchezo kuna maadui wafupi, Unggoy, ambao kazi yao ni kukimbia ovyo wakilia na wewe unawapiga risasi bila kufikiri. Staten kamchukua mmoja, jina lake Dadab, akampa cheo kidogo cha dini na rafiki mmoja. Rafiki huyo ni kiumbe anayeelea kama puto na kazi yake ni kutengeneza mitambo, na huzungumza kwa ishara za minyiri yake. Dadab, kwa mikono yake minene, amejifunza ishara zile ili waweze kuongea. Wamo kwenye meli ya watu wanaowadharau wote wawili. Nilisoma kurasa zile, kisha nikarudi kwenye mchezo, na ilinichukua muda kuweza kumfyatulia mfupi yeyote.

Dukuduku langu ni moja. Kwenye ODST, ukitembea Mombasa Mpya usiku, unapata vipande vya sauti vya msichana anaitwa Sadie Endesha, anamtafuta baba yake mji ukiwaka. Ni hadithi kamili, imefichwa kwenye simu za barabarani. Sadie anastahili riwaya, na ningependa iandikwe na mtu aliyewahi kuvuka Likoni kwa feri.

Fundi wa Ngara

Mwalimu, asante, asante tena. Kumi Lubak. Tayari nimemwambia mpwa wangu anitafutie.

Mtaita, huyo Dadab umenifanya nimtake kabla sijajua hata kidhibiti kinashikwaje. Na hilo la kurudi kwenye mchezo na kushindwa kumpiga ndilo nilokuwa nalitafuta bila kujua namna ya kulisema. Kitabu cha mhusika wa pembeni kikiwa kizuri, kinabadilisha unavyotazama kile cha mwanzo. Tangu nimalize ule wimbo wa Uhura, kila akishika kidude cha sikioni najiuliza ni nini kingine anachokumbuka.

Kijana wa Rongai, zamu ya Scotty naisubiri kwa hamu. Ila hao X-Wing: Wedge anabaki na majina ya waliokufa, sawa, lakini je, tunamjua akiwa hayuko vitani? Ana kwao? Nani alimfundisha kuruka?

Bado sijajibiwa la pili, kuhusu kipindi kipya kikija kusema mengine.

Msomaji wa Buruburu

Dada Fundi, la pili nalichukua mimi, na la Uhura pia, maana huyu ni wangu tangu msichana.

Kwanza rasmi na isiyo rasmi. Kwenye Star Wars, mwaka 2014 wenye kampuni walitangaza kwamba riwaya zote za awali si sehemu ya historia rasmi tena, wakaziita Legends. Hao Wedge wa Stackpole wamo humo. Kwenye Star Trek riwaya hazijawahi kuhesabiwa rasmi, ila waandishi wenyewe walijenga historia yao ya pamoja kwa miaka, kitabu kikikiheshimu kingine, mpaka kipindi kipya cha Picard kilipokuja kwenye skrini na mambo yake. Mwaka 2021 wakaandika vitabu vitatu, Coda, kuifunga historia ile kwa mikono yao wenyewe. Niliheshimu sana hilo. Hawakuiacha ife kimya kimya. Waliizika.

Lakini usidhani mto unakwenda upande mmoja. Sulu hakuwa na jina la kwanza kwenye televisheni. Vonda N. McIntyre alimpa Hikaru katika The Entropy Effect ya 1981, na miaka 10 baadaye likatamkwa kwenye filamu. Uhura vilevile: Nyota lilitoka kwenye kitabu cha William Rotsler cha 1982, mashabiki wakalishika, na filamu ya 2009 ikalikubali. Kwenye Star Wars, Thrawn wa Timothy Zahn alizaliwa riwayani 1991, akawekwa kando pamoja na wengine 2014, na 2016 akaibuka kwenye katuni ya Rebels, kisha 2023 tukamwona kwa sura ya mtu kwenye mfululizo wa Ahsoka. Kwa hiyo wala usishike kimoja ukatupa kingine. Mimi nasoma nikijua riwaya ni mahali ambapo mhusika anaweza kupata kitu, na pengine siku moja wakubwa watakuja kukichukua.

Sasa Uhura. Nakubali kuhusu Evan Wilson, anakula nafasi. Ila usimnyime Kagan sifa yake. Mwaka 1985 nani mwingine alikuwa amemwona Uhura kama mtu mwenye rafiki wa zamani, mwenye kitu kichwani ambacho hajakitoa kwa amri ya mtu? Nichelle Nichols aliigiza nafasi hiyo miaka mitatu kwenye televisheni na mara nyingi alipewa sentensi moja. Hata familia yake ilingoja Strange New Worlds ya 2022, anapoigizwa na Celia Rose Gooding, ndipo tukasikia mezani akisimulia kwamba wazazi wake walikuwa wakifundisha chuo kikuu hapa Nairobi, na kwamba walikufa pamoja na kaka yake kwenye ajali ya chombo. Nilikuwa natazama na binti yangu. Tuliangaliana tu.

Kitabu ninachotaka ukisome ni Living Memory ya Christopher L. Bennett, 2021. Kinaanzia kwenye jambo lililoniudhi tangu nilipoliona. Kuna sehemu ya 1967, The Changeling, ambapo mashine inafuta akili ya Uhura yote. Yote! Wanamfundisha kusoma upya kama mtoto wa darasa la kwanza, akikwama anaongea Kiswahili, na sehemu inayofuata yuko kitini kwake kama kawaida. Hakuna aliyeuliza tena. Anamkumbuka mama yake? Nyimbo zile anazikumbuka au alizisoma upya kwenye maandishi? Bennett ndiye aliyerudi kwenye shimo hilo na kuuliza kulikuwa na nini mle kabla ya kufutwa. Kirk yumo na ana mambo yake kitabuni, nisikudanganye, lakini swali ni la Uhura na hakuna wa kulibeba badala yake.

Kijana wa Rongai

Naona mmeenda mbali. Fundi, Wedge ana kwao, ni Mkorellia, na wazazi wake walikuwa na kituo cha kujazia mafuta vyombo. Endelea na mfululizo utayapata.

Na kwa wanaopenda wa pembeni kabisa kuna mkusanyo wa 1995, Tales from the Mos Eisley Cantina, uliohaririwa na Kevin J. Anderson. Ile baa ya filamu ya kwanza, kila aliyekaa mle amepewa hadithi. Kathy Tyers kaandika ya bendi. Nao wa 2017, From a Certain Point of View, hadithi 40 kwa miaka 40 ya filamu. Humo Nnedi Okorafor kaandika kuhusu yule mnyama wa kwenye shimo la takataka anayemvuta Luke chini ya maji. Tangu 1977 tunamwona ni jicho na mkono tu. Kampa jina, kampa alikotoka, kampa imani. Ukimaliza unaona Luke ndiye aliyeingia nyumbani kwa mtu.

Mwalimu wa Kayole

Naomba nirudi kwenye kipimo cha Fundi, maana nakipenda lakini nadhani kinamwacha nje mtu mmoja ambaye hatakiwi kuachwa.

Fundi, unakumbuka sehemu ya Cardassians, ya mwanzo wa msimu wa 2? Garak yuko mezani na Bashir, anaingia kijana wa Kikardasia akiwa na mlezi wake Mbajora, yaani mmoja wa wale ambao Kardasia iliwakalia. Garak anamwekea mkono begani kwa upole, na mtoto anamng'ata. Huyo ni Rugal. Amelelewa na Wabajora na amefundishwa kuwachukia watu wa damu yake mwenyewe. Mwisho wa sehemu, kamanda wa kituo anaamua arudishwe kwa baba aliyemzaa, ambaye hamjui na hamtaki. Anaondoka. Mfululizo ukaendelea misimu mingine mitano na hatumwoni tena.

Una McCormack alimfuata. The Never-Ending Sacrifice, 2009. Rugal anafika Kardasia, anakuta baba mwenye huzuni, nyanya mkali aitwaye Geleth anayetawala nyumba nzima, na mji ambao kila mtu anamwambia sasa uko kwenu. Anakua pale. Anaona serikali ikianguka na nyingine ikisimama, anaingizwa jeshini, vita vinafika mpaka mlangoni. Yale mambo makubwa tuliyoyaona kwenye televisheni kutoka upande wa kituo, sasa unayaona kutoka jikoni kwa Geleth, na wale mashujaa wetu wanaonekana wadogo sana kwa mbali, kama hata wanaonekana.

Rugal hana kazi. Kwa kipimo cha kazi anaanguka, ni mtoto tu. Lakini hakuna anayeweza kukaa mahali pake, maana yeye peke yake ndiye aliyetolewa kwa walezi waliompenda kwa uamuzi wa mtu mwema. Mimi ningeuliza hivi: mhusika huyu anadaiwa nini na hadithi ya mwanzo? Uhura anadaiwa kumbukumbu zake. Rugal anadaiwa maelezo ya kwa nini walimpeleka. Garak anadaiwa nafasi ya kusema kweli. Mwandishi mzuri analipa deni hilo. Asiye mzuri anachukua jina linalouza na kuliweka kwenye safari yoyote.

Mtaita wa South B

Na Sadie anadaiwa. Mwalimu, hilo nalichukua.

Fundi wa Ngara

Mwalimu, nimelisoma mara nyingi hili la deni, nimekata suruali mbili katikati, na nakubali nusu. Rugal umenishinda, yule mtoto nilimsahau kabisa, kumbe yumo kwenye sehemu ambayo nimeisikiliza nikishona sare za shule.

Nusu ya pili siiachii. Deni linasema mhusika anastahili kitabu. Halisemi mwandishi amemjua. Naweza kukuandikia juu ya Garak na nikamlipa kila anachodaiwa, machozi na ukweli wote, lakini kama sijui kwamba fundi akisalimiana na mtu macho yanakwenda kwanza mabegani, kuona kama yako sawa, basi sijamjua Garak. Robinson anaonekana alilijua hilo hata mbele ya kamera. Mtazame Garak anavyomshika mtu begani. Anapima. Sasa ukinieleza kuwa yule mtoto aling'ata mkono uleule, naiona sehemu nzima upya.

Dada wa Buruburu, la mto umenijibu kabisa. Na hilo la wazazi wa Uhura, chuo kikuu hicho ni mwendo wa mguu kutoka kibandani kwangu. Wanafunzi wake huniletea suruali za kupunguza. Living Memory nakiweka juu ya orodha pamoja na cha Garak.

Nimebaki na swali dogo tu. Nianze na A Stitch in Time au na Rugal? Niko katikati ya msimu wa 6.

Mwalimu wa Kayole

Usianze na chochote kati ya hivyo viwili. Maliza msimu wa 7 kwanza, maana vyote vinafika baada ya vita na vitakumalizia utamu wa sehemu za mwisho. Ukishamaliza, Garak kwanza, akueleze Kardasia kwa sauti unayoijua, ndipo umfuate Rugal. Jina la kitabu cha Rugal limetokana na riwaya ya Kikardasia ambayo Garak alikuwa akimsifia Bashir kwenye sehemu iitwayo The Wire, wakiwa mezani, na Bashir hakuipenda. Wakati huu unaposubiri, soma Kobayashi Maru na Living Memory, hivyo haviharibu kitu. Nakala yangu ya Rugal iko mikononi mwa mwanafunzi wa zamani, akiirudisha nitakuletea Ngara. Nina koti la kupunguza mikono.